Tisa Desemba uani: kivuli, moto na pilau ya watu 40

Sikukuu ya Uhuru inaangukia wakati mgumu wa mwaka. Tarehe 9 Desemba pwani ya Tanzania iko kwenye joto, kaskazi ndiyo kwanza inaingia, na mvua za vuli bado hazijaaga. Ndiyo maana karamu ya uani siku hiyo huharibika kwa namna ile ile kila mwaka: wageni wanahamisha viti kufuata kivuli, mishkaki imeungua nje na ndani bado mbichi, pilau imekuwa bokoboko, na ikifika saa 9 alasiri hakuna tone la maji ya baridi. Mara nyingi fedha ilikuwepo. Kilichokosekana ni siku za kujiandaa, maana kazi ya wiki 2 imerundikwa kwenye asubuhi moja. Yafuatayo yametokana na miaka ya kupika na kupokea watu Dar es Salaam katika sikukuu hii. Vipimo ni vya watu 40, yaani ukoo mmoja na majirani wa nyumba nne tano.

Anza kwa kuamua saa ya kula. Wengi hupanga saa 7 mchana, gwaride likishamalizika kwenye televisheni, na hapo ndipo joto limekomaa. Tunashauri saa 10 jioni. Wageni waanze kufika saa 8, wakaribishwe kwa maji, juisi na matunda, mpishi apate muda wa kuchoma bila kusongwa, na watu wakae mpaka jua linapozama kama saa 12 na nusu, ua umeshapoa. Ukishaijua saa hiyo, mengine yote unayahesabu kurudi nyuma.

Kazi ya kwanza ni ukuta, nayo iwe imekwisha kabla Novemba haijaisha. Chokaa hukomaa taratibu kwa hewa. Ikipakwa siku 2 kabla ya sherehe, mgeni anayeegemea ukuta anaondoka na mgongo mweupe. Kwa ndoo moja ya lita 20, weka kwanza lita 12 za maji, kisha mimina kilo 7 za chokaa ya unga kidogo kidogo huku unakoroga, uiache ilale usiku kucha. Asubuhi yeyusha kilo 1 ya chumvi kwenye maji ya moto kidogo, changanya, chuja kwa kipande cha chandarua ili mabonge yasibaki. Ukuta ukwanguliwe vumbi na ganda la zamani, kisha ulowanishwe kabla ya brashi kugusa. Ukuta mkavu unanyonya maji ya chokaa papo hapo na kuacha unga usioshika.

Mkono wa kwanza utakukatisha tamaa. Chokaa mbichi inaonekana kama maji yaliyooshea mchele, na ukuta unabaki na madoa yake yote. Hapo ndipo wengi huongeza unga ndooni ili ifunike, na baada ya wiki lile ganda nene linapasuka na kubanduka vipande vipande. Vumilia. Weupe wa chokaa huja inapokauka. Mikono 3 myembamba, kila siku mkono mmoja, inashinda mkono mmoja mnene. Paka asubuhi kabla ya saa 3 au jioni baada ya saa 10, wala usipake mvua ikiwa imetanda. Ukuta uliowahi kupakwa rangi ya mafuta haushiki chokaa. Huo utafutie rangi nyingine. Na vaa miwani, kwa sababu tone la chokaa jichoni linaunguza kweli. Likiingia, suuza kwa maji mengi safi kwa dakika 15 kabla ya kukimbilia hospitali.

Ukuta ukikauka, fagia ua kwa fagio la chelewa mpaka kwenye pembe, zibua mfereji, mwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za kitaifa za 9 Desemba na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi, nchi ikiwa na mlipuko wa kipindupindu. Kwa mtu anayetaka kulisha watu 40 msimu wa vuli, usafi wa ua na wa maji ni sehemu ya mapishi, na tutaurudia mbele.

Sasa kivuli. Turubai moja la mita 4 kwa 6 linatosha watu 20 waliokaa kwa nafasi, kwa hiyo tafuta 2. Kila moja lina nguzo 6 za mirunda: za pembeni 4 zibaki na urefu wa mita 2.2 juu ya ardhi, za kati 2 ziwe mita 2.8, na zote ziingie ardhini sentimita 60. Udongo wa kichanga wa pwani hauna nguvu ya kushika nguzo, hivyo shindilia kokoto kuzunguka kila shina badala ya kurudisha mchanga mtupu. Ule mwinamo wa sentimita 60 ndio unaokuokoa. Turubai lililofungwa tambarare linakusanya maji katikati, tumbo linashuka, na mtu akijaribu kulisukuma kwa mti maji yote yanamwagikia meza ya chakula.

Usifunge pete za turubai moja kwa moja kwenye nguzo kwa kamba ya manila. Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, uupitishe kwenye pete, kisha kamba ishike ule mpira. Upepo wa ghafla ukija, mpira unanyooka na kurudi. Bila huo mpira, pete inachanika na turubai linaanza kupiga makofi. Jua nalo lina njia zake. Desemba, adhuhuri ya Dar es Salaam, liko juu lakini limeegemea kusini, kwa hiyo kivuli cha turubai kinasogea kidogo kaskazini. Linaloumiza watu ni la saa 9 hadi saa 11, linapoingia chini ya turubai kutoka magharibi. Upande huo tundika khanga au vitenge kama pazia, na wazee wakalishwe hapo karibu na pazia wala si katikati, kwa sababu katikati ndipo watoto hupita mbio.

Kabla hujachimba shimo hata moja, chagua jiko litakaa wapi. Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini mashariki, hivyo moto ukae kusini magharibi mwa wageni, angalau mita 5 kutoka kwenye turubai. Lakini kila ua una tabia yake, hasa ukizungukwa na maghorofa. Siku moja kabla, saa ile ile utakayochoma, rusha majivu makavu kidogo juu na uangalie yanakokwenda.

Jiko lenyewe ndilo mradi mkubwa, na likitengenezwa vizuri litadumu miaka mingi. Pipa la chuma la lita 200 lina kipenyo cha karibu sentimita 57 na urefu wa karibu sentimita 88. Likipasuliwa kwa urefu unapata majiko 2, moja lako na moja la jirani, na gharama mnagawana. Uliza pipa lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula au sabuni linafaa. Lililobeba dawa ya wadudu au kemikali usilinunue hata kwa bei ya bure. Lililobeba petroli, dizeli au hata oili lina mvuke ndani ambao cheche moja ya grainda inatosha kuulipua, na hili limeua mafundi. Kwa pipa lolote, fungua vizibo vyote, lisuuze kwa sabuni, kisha lijazwe maji mpaka karibu na mstari wa kukatia kabla fundi hajawasha grainda. Fundi akikuambia hakuna haja, tafuta fundi mwingine.

Nusu ikishapatikana, toboa matundu ya hewa ya milimita 12 kwenye pande zote mbili za chini, yakiachana sentimita 10. Miguu iwe ya engo, na urefu uwekwe ili ukingo wa jiko ufike kiunoni mwa mchomaji, kama sentimita 85 hadi 90. Wavu ndio sehemu ambayo watu hukosea zaidi. Wavu wa dukani uliopakwa zinki unang'aa na ni rahisi, lakini zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye sumu. Agiza nondo za milimita 8 zisizopakwa kitu, zichomelewe kwenye fremu ya engo zikiachana sentimita 1.5, na fremu iwe na vishikio vya mbao. Mwambie fundi achomelee vipande vya engo ndani ya pipa kwa kimo cha namna mbili, wavu uweze kukaa sentimita 12 au 20 juu ya makaa. Kimo cha chini ni cha mishkaki, cha juu ni cha kuku na mapaja ya mbuzi.

Jiko jipya lisipikiwe siku hiyo hiyo. Washa moto mkali wa kuni ndani yake kwa saa 2 mpaka rangi ya nje na ya ndani iungue yote, liache lipoe, lisugue kwa brashi ya waya, kisha upake nondo mafuta ya kula na uwashe moto mdogo kwa nusu saa. Chini ya pipa tandaza mchanga mkavu kimo cha vidole 2. Unazuia chuma kutoboka mapema. Asiye na fedha ya pipa anaweza kupanga matofali ya kuchoma kimo cha kozi 3 na kulaza wavu juu. Matofali ya saruji yaliyonyeshewa na mawe ya matumbawe yaachwe kabisa: unyevu uliomo ukichemka, yanapasuka na kurusha vipande.

Mapambo yanachukua jioni moja. Kitambaa cha tetroni chenye upana wa mita 1.5, nusu mita kwa kila rangi, kinatosha. Kata pembetatu za upana wa sentimita 20 na urefu wa 25, moja ikielekea juu na inayofuata chini ili usipoteze kitambaa. Kila nusu mita itakupa 28. Kwa rangi 4 una vibendera 112, na ukiacha sentimita 10 kati ya kimoja na kingine unavuta kamba ya zaidi ya mita 33. Karatasi za rangi ni nafuu, lakini manyunyu 5 ya mvua yanatosha kuzichuja rangi juu ya ukuta wako mweupe.

Kuhusu bendera yenyewe, iheshimiwe. Ina sheria yake ya nembo za taifa, kwa hiyo isiwe kitambaa cha meza wala aproni ya mpishi; rangi zake zinatosha kupamba. Ukiitundika, mlingoti ukiwa kushoto kwako, kijani kiko juu upande wa mlingoti, buluu iko chini upande wa pili, na mstari mweusi wenye kingo za manjano unapanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Kila mwaka utaona mahali imegeuzwa, buluu iko juu, na hakuna aliyestuka. Bendera hii ni ya mwaka 1964, baada ya Muungano, na buluu yake ilitoka upande wa Zanzibar. Iliyopandishwa usiku wa manane kuamkia 9 Desemba 1961 ilikuwa ya Tanganyika: kijani juu na chini, ukanda mweusi katikati, na kingo za manjano. Usiku ule Luteni Alexander Nyirenda aliisimika pamoja na mwenge juu ya Kibo, na kilele hicho kikaitwa Uhuru. Wape watoto vitambaa washone zote mbili. Ile ya Tanganyika ni mistari iliyonyooka, hata mtoto wa miaka 8 anaiweza, na zikining'inia pamoja maswali yanakuja yenyewe.

Kitu kingine kidogo chenye faida kubwa ni ndoo ya kunawia yenye koki. Tundu la koki kwenye ndoo ya lita 20 litobolewe kwa bomba la chuma lililopashwa moto, lenye unene ule ule wa koki. Kisu cha moto kinaacha tundu lenye pembe na ndoo itavuja siku nzima. Weka washa ya mpira ndani na nyingine nje, kaza nati kwa mkono na nusu mzunguko tu kwa spana, maana ikizidi plastiki inapasuka. Ndoo ikae juu ya kiti imara, sabuni ifungwe kwa kamba, na chini kuwe na beseni. Mtu mmoja hutumia karibu nusu lita, kwa hiyo watu 40 wanamaliza ndoo moja kabla ya kula na nyingine baada ya kula. Ziwe tayari 2.

Twende jikoni. Pilau ya watu 40, ikiwa kuna mishkaki na vitu vingine pembeni, ni mchele kilo 5. Nyama ya mfupa kilo 5, vitunguu maji kilo 2, viazi kilo 2, mafuta robo tatu ya lita, tangawizi na vitunguu saumu gramu 150 kila kimoja. Viungo: bizari nyembamba gramu 60, pilipili manga gramu 25, mdalasini vijiti 6, iliki punje 30, karafuu punje 20. Usiongeze karafuu kwa kuwa inanukia vizuri. Ikizidi inatia ganzi ulimini na kufunika viungo vingine vyote. Kaanga viungo vikavu kwa moto mdogo mpaka harufu ianze kupanda, kisha twanga bizari na pilipili manga kwa mbali. Vingine viache vizima.

Sufuria iwe ya lita 30. Kama huna, pika kwa sufuria 2 za kilo mbili unusu, na kusema kweli hiyo ndiyo njia tunayoipenda: moto unatawaliwa kirahisi, na moja ikiharibika hujakosa yote. Nyama ichemshwe asubuhi na chumvi, nusu ya tangawizi na nusu ya saumu mpaka ilainike. Ule mchuzi wa nyama utoe, uupime kwa jagi, uandike. Hapa ndipo pilau nyingi hufia. Mpishi anahesabu maji, anasahau kuwa mchuzi nao ni maji, na mchele unavimba mpaka unapasuka. Kwa kilo 5 za mchele, jumla ya mchuzi na maji ni lita 9. Mchele mpya wa mavuno ya karibuni unakunywa maji machache, hivyo punguza mpaka lita 8. Uliokaa ghalani miezi mingi unaweza kuhitaji lita 10. Muulize muuza mchele, au pika kikombe kimoja siku 2 kabla ujue tabia yake. Tabia ya mchele wa Kyela wa mwaka huu si lazima ifanane na ya mwaka jana.

Rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu. Vikate vyembamba kwa unene mmoja, vikaange kwa mafungu 2, kwa sababu vikijaa sufuria vinajichemsha kwa maji yake na havipati rangi. Itachukua kama dakika 25. Mwanzoni vinatoa mvuke mwingi na sauti nzito. Baadaye mvuke unapungua, mafuta yanaanza kulia kwa sauti kali na nyembamba, na kingo za vitunguu zinageuka kahawia. Kuanzia hapo usiondoke. Kati ya kahawia iliyokoza na kuungua hakuna dakika 2, na kitunguu kilichoungua kinatia uchungu ambao hauondoki kwa sukari wala ndimu. Vikifika rangi ya kashata ya njugu iliyoiva, tia tangawizi na saumu zilizobaki, zikoroge dakika 2, tia viungo, kisha nyama na viazi. Vigeuze dakika 10 mpaka mafuta yajitenge.

Mimina mchuzi na maji yaliyochemka. Onja: chumvi iwe imezidi kidogo, kwa sababu mchele utainywa. Yakitokota tia mchele uliooshwa mpaka maji yakawa meupe kidogo tu, ukaloweshwa nusu saa na kuchujwa vizuri. Koroga mara moja kutoka chini, basi. Anayekoroga kila anapopita anavunja punje na kutoa ule wanga unaogandisha. Maji yakilingana na mchele na matundu kuanza kujitokeza juu, ondoa kuni, bakiza makaa machache chini, funika kwa mfuniko wa bati na upalie makaa juu. Dakika 30 bila kufunua. Ukisikia harufu ya kuungua, usikoroge: sogeza sufuria pembeni, pakua ya juu, na ukoko uache chini. Pilau ikianza saa 7 na nusu mchana inakuwa imeiva saa 9 na nusu, na sufuria iliyofunikwa vizuri inatunza moto mpaka saa ya kula.

Mishkaki 50 inataka kilo 5 za steki, iliyokatwa kukingama na nyuzi za nyama kwa vipande vya sentimita 2.5 hadi 3. Vikubwa zaidi ya hapo ndivyo vinavyoungua nje vikiwa vibichi ndani. Kwa kila kilo tia kijiko 1 cha chakula cha papai bichi lililosagwa na ganda lake, vijiko 2 vya tangawizi na saumu, vijiko 2 vya rojo zito la ukwaju, kijiko kidogo cha chumvi na pilipili upendavyo. Papai bichi lina nguvu ya kumeng'enya nyama. Saa moja hadi mbili ndani ya deli lenye barafu zinatosha. Ikilala usiku kucha nje inakuwa unga unga mdomoni kama ini lililopikwa kupita kiasi, na wengine hulaumu bucha bure. Njiti za mianzi ziloweke nusu saa. Acha nafasi ndogo kati ya kipande na kipande, moto upite.

Mkaa mzuri ni mzito na ukigonganisha vipande 2 unalia kama kigae. Uliolowa unapasuka na kurusha cheche. Kwa jiko la nusu pipa anza na kilo 8, weka kilo 4 akiba, na uwashe kwa vijiti vikavu au makumbi ya nazi dakika 45 kabla ya nyama. Mafuta ya taa yanaacha harufu kwenye nyama. Petroli hata kuitaja hapa ni kwa ajili ya kukataza tu. Nyama isipande wavuni mpaka makaa yawe na vumbi jeupe la majivu. Weka kiganja kwenye kimo cha wavu: ukiweza kuvumilia hesabu ya 4 au 5, ni moto wa mishkaki, ukifika 7, ni wa kuku. Sukuma makaa upande mmoja na uache theluthi ya jiko bila moto, ili mafuta yakidondoka na mwali kupanda uwe na mahali pa kukimbizia nyama. Mishkaki ni dakika 10 hadi 12, ikigeuzwa kila dakika 2. Vipande vya kuku wa kisasa ni dakika 35 hadi 45, mpaka maji yanayotoka kwenye mfupa yawe meupe. Kuku wa kienyeji achemshwe kwanza, la sivyo utamtafuna mpaka Krismasi. Na sinia lililobeba nyama mbichi lisirudi kubeba iliyoiva. Hilo limeharibu matumbo ya watu kuliko pilipili zote.

Kachumbari ni nyanya kilo 4, vitunguu kilo moja unusu, pilipili mbuzi 3, ndimu 12. Vitunguu vifikichwe na chumvi na kusuuzwa mapema, lakini nyanya zikatwe wakati mishkaki ya mwisho iko wavuni, na chumvi itiwe mezani. Ikitiwa mapema kachumbari inaogelea.

Desemba ni msimu wa embe na nanasi, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua keki za bei. Embe dodo zilizopoa, embe mbichi kwa chumvi na pilipili, na vipande vya nanasi vinawapokea wageni vizuri kabisa. Vifunikwe kwa makawa, maana nzi wa msimu huu hawana subira. Kwa vinywaji hesabu maji lita moja unusu na juisi nusu lita kwa kila mtu, yaani maji lita 60 na juisi lita 20. Kilo 1 ya ukwaju wenye mbegu, ikiloweka saa moja kwenye maji yaliyochemka na kuchujwa, inatoa juisi lita 8 kwa karibu kilo 1 ya sukari. Lita 12 zilizobaki ziwe za embe. Gandisha chupa 12 za lita moja unusu kuanzia tarehe 7, ukiacha nafasi ya vidole 3 juu zisipasuke, uzipange ndani ya deli. Barafu isiyojulikana maji yake isitiwe kwenye glasi. Chupa zipoze kutoka nje.

Kabla ya kupakua, wakati nyama inamalizikia, wakalishe wazee pamoja na watoto. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1961 sasa amepita 70, na wengi wao wanakumbuka walikuwa wapi usiku ule, nani aliwasha redio, walikula nini. Hakuna haja ya hotuba. Swali moja la mtoto linatosha, na ukiwa umewapa nusu saa hiyo bila muziki mkubwa, utawasikia.

Chakula kisikae nje zaidi ya saa moja kwenye joto hili. Pilau iliyobaki itandazwe kwenye sinia pana ipoe haraka, kisha iingie friji. Ikiachwa kwenye sufuria iliyofunikwa usiku kucha, kesho itanuka vizuri na bado itaumiza tumbo. Turubai lifunguliwe likikauka, la sivyo ukungu unalila kwenye mikunjo kabla ya Mapinduzi kufika. Makaa yachotwe kwa koleo yaingie kwenye karai la bati, yamwagiwe maji, yakorogwe, yamwagiwe tena. Usimwage maji ndani ya pipa lenyewe likiwa na moto, chuma kinajikunja. Nondo zisuguliwe zikiwa bado vuguvugu, zipakwe mafuta, na jiko lilazwe kifudifudi chini ya paa.